Nyumba ya Bamwana Inanuka

Nimerudisha koti la bluu, spana na kopo la maji ya sabuni, na hata sijazoea kukaa nyumbani mnanipigia simu niandike niliyojifunza. Nyinyi mafundi mliobaki kwenye duka letu la majiko hapa Gitega mnanifurahisha. Nilipokuwa nanyi kila siku, nimechuchumaa nyuma ya jiko la mtu, mlikuwa mnachezea simu. Sasa nimekaa kwangu mtaani Musinzira nachambua maharage, ndiyo mmekumbuka kwamba nina maarifa. Haya, nitaandika. Mshahara na vyeo sitavigusa, maana sijaona cheo kilichowahi kuziba gesi inayovuja. Nitaandika kuhusu harufu za majikoni na kuhusu watu wanaozinusa, na mtaona kwamba harufu ndiyo iliyokuwa sehemu rahisi.

Mimi ni mtoto wa Muyinga niliyekulia Tanzania, ng'ambo ya mpaka wa Kobero, ndiyo maana mlikuwa mnacheka Kiswahili changu cha kunyooka. Duka halikunichukua kwa ajili ya Kiswahili. Lilinichukua kwa sababu nilikuwa mwanamke. Majiko ya gesi yalikuwa yameanza kuingia katika nyumba za mjini, na mafundi wa kiume walikuwa wanarudishwa mlangoni. Mume yuko kazini, mke yuko peke yake na jiko linatoa harufu, fundi anabisha hodi, anaambiwa arudi mwenye nyumba akiwepo. Gesi, kwa adabu zake, nayo ingekaa imsubiri mwenye nyumba. Bosi akatafuta wanawake. Wa kwanza alikuwa Bi Asteria, mjane kutoka Giheta, mtu ambaye sijawahi kumsikia akimsifu yeyote, hata marehemu mumewe. Mimi nilikuwa wa pili, na yeye ndiye aliyenifundisha.

Siku yangu ya kwanza alinipeleka nyumba moja hapa hapa Musinzira. Mama mwenye nyumba alilalamika kwamba jiko lake jipya linatoa harufu mbaya likiwashwa upande wa oveni, na alishaanza kushuku kwamba aliyemuuzia alikuwa na mkono mbaya. Mimi, kwa bidii ya mtu mgeni kazini, nikapiga magoti, nikaingiza kichwa chote ndani, nikaanza kunusa. Bi Asteria akanivuta kwa kola.

"We unanusa nini kama mbuzi? Acha pua ipumzike. Uliza kwanza. Wakisikia harufu, wanafanya nini?"

Nikauliza. Yule mama akajibu kwamba hawakufanya kitu, ila walitoa viatu. Viatu gani? Vile vilivyokuwa ndani. Oveni ilikuwa kabati. Viatu vya Jumapili vya mumewe vilikuwa vinakaa humo ili mbwa asivibebe, na siku ya kuchoma kuku walivisahau. Soli ilikuwa imeyeyuka ikaganda kwenye bati la chini, na kila jiko likiwashwa, soli inaungua tena kidogo. Nilitaka kucheka. Bi Asteria hakucheka. Alimwambia yule mama kwamba jiko ni zima, akanikabidhi kisu nikwangue soli, na kazi hiyo ilinilia asubuhi nzima.

Tangu siku hiyo nimetoa kwenye oveni za watu vyeti vya shule, mkate ulioota manyoya, beseni la plastiki, na panya aliyejifungulia humo. Msije mkawaambia wateja kwamba oveni si kabati. Watawaitikia vizuri sana, na mkishatoka watarudisha viatu.

Harufu zenyewe mtazijua upesi, hata nyinyi. Jiko jipya linatoa moshi wa mafuta ya kiwandani siku za kwanza. Fungua dirisha, litaacha. Ukisikia kama nywele zinaungua, ni vumbi na mafuta yaliyokaukia kwenye vitundu vya moto. Toa, sugua, rudisha. Ukisikia kitunguu kilichooza au yai viza, hiyo ni gesi, na hapo acha mazungumzo. Gesi yenyewe haina harufu. Uvundo ule wanautia kiwandani kwa makusudi ili hata mjinga ashtuke. Waliofikiria hivyo walikuwa na nia njema, ila hawakuwajua wajinga wetu.

Maana niliyoyakuta baada ya watu kunusa, nikiyasimulia mtadhani nawasingizia. Mmoja alirudisha mtungi dukani akisema gesi imeoza, tumpe iliyo freshi. Mwingine alimfukuza mtumishi wake kwa kosa la kuficha vitunguu vibovu. Mwingine alipuliza marashi. Kuna fundi mmoja wa mjini, mwanamume mzima na koti lake la kazi, aliyetafuta fwiti kwa kiberiti. Fwiti ndivyo tunavyoita gesi inapovuja, na inatafutwa kwa povu la sabuni: unapaka, povu likichemka ndipo inapotoka. Yeye aliona sabuni ni kazi ya wanawake. Aliipata fwiti yake, sikatai. Alitembea mjini muda mrefu bila nyusi, uso kama yai, na bado wateja walimwita.

Na msisahau makaa. Jiko la gesi likiwa bovu angalau linakwambia. Imbabura, lile jiko la makaa, ukiiingiza ndani kwa ajili ya baridi ukafunga mlango, haikwambii kitu. Makaa yakishashika vizuri hayana harufu ya kumwamsha mtu. Kule Giheta kwa Bi Asteria kulikuwa na familia iliyofanya hivyo msimu wa mvua. Hao hawakutuita kunusa. Sisi tulikwenda kuzika. Kutoka pale Bi Asteria aliuliza katika kila nyumba kama wanalala na moto, hata kama tumeitwa kubadilisha kifungo.

Kitu kikubwa alichonifundisha, lakini, hakihusu moto. Kinahusu wageni. Mimi nilikuwa na tabia ya kuwauliza watu niliowakuta sebuleni: je, nyie mmesikia harufu yoyote? Wote wanasema hapana, tena wanaongeza kwamba nyumba inanukia vizuri. Bi Asteria alinisubiri tutoke nje ndipo aniseme. Alisema mgeni ana pua iliyokufa, na ameiua mwenyewe mlangoni. Mtu wetu akiingia kwa mtu hawezi kusema nyumba inanuka, hata akikanyaga mzoga. Angalieni hayo maneno mawili, kunuka na kunukia: kuna herufi moja tu katikati, na watu wetu wanaipachika hata pasipostahili, kwa heshima. Inanukia, mama. Inanukia kweli. Nilidhani anatia chumvi, mpaka yalipofika kwangu.

Binti yangu Nuru aliolewa Muyinga, katika mtaa wa Waislamu wenzetu, nyumbani kwa Bi Zaina. Bi Zaina anapika sambusa na maandazi, anawauzia watu wa stendi na madereva wanaokwenda Kobero, na mwanawe, mkwe wangu, anashinda huko mpakani na malori. Sisi akina mama wawili, mama wa bwana na mama wa bibi, kwetu tunaitana bamwana. Na anayejua kwetu anajua kwamba bamwana si mtu wa kutaniana naye. Hukai naye miguu juu. Huingii jikoni kwake. Ukipewa soda unaikataa kwanza, unalazimishwa, ndipo unakunywa. Mimi, ambaye mdomo wangu mnaujua, kwa bamwana nilikuwa nazungumza kama bibi harusi. Miaka yote ile hakuwahi kusikia kwangu neno gumu, na nilijisifia hilo.

Nuru akajifungua mtoto wa kike. Kwa simu akawa ananiambia kichwa kinamuuma, asubuhi anaamka na kizunguzungu, akitoka uani anapata nafuu, akirudi kulala kinaanza tena. Bi Zaina alisema ni uzazi, damu imepungua, akawa anampikia supu na kufukiza ubani kutwa ili mzazi na mtoto wakae vizuri. Mimi nilikuwa Gitega na kazi zangu. Kwa simu hakuna pua. Nikaomba ruhusa, nikanunua kitenge, sukari na sabuni za mtoto, nikapanda gari la Muyinga.

Nilifika mvua inanyesha. Bi Zaina alinipokea mlangoni kwa furaha, akanishika mikono yote miwili, na sebuleni nikawakuta majirani zake wamekuja kumwona mtoto, wamekaa kwenye viti wamejipanga. Madirisha yote yalikuwa yamefungwa, mtoto asipigwe na baridi. Moshi wa ubani ulijaa kuanzia mabegani kwenda juu. Jirani mmoja akasema, nyumba inanukia, mashallah. Wote wakaitikia kwamba inanukia. Mimi pia nikasema inanukia, na nilisema kweli, maana pale niliposimama kulikuwa na ubani mtupu.

Wakanionyesha chumba cha mzazi. Nuru alikuwa amelala kwenye godoro lililotandikwa chini, mtoto ubavuni, uso wa binti yangu umepauka. Nikainama kumbeba mjukuu wangu. Ile kuinama tu, kitunguu kilichooza kikanipiga usoni.

Gesi ni nzito kuliko hewa, hilo nimewaambia mpaka mkanichoka. Inatambaa chini kama maji yaliyomwagika. Moshi wa ubani unapanda. Basi wageni wote waliosimama au kukaa kwenye viti walikuwa wanakutana na ubani, na binti yangu na mtoto wake walikuwa wamelala ndani ya gesi. Nikavuta pazia la pembeni ya godoro. Mtungi ulikuwa hapo. Jiko liko uani, lakini mtungi wameuficha chumbani kwa kuogopa wezi, na mpira umepitishwa kwenye tundu la ukuta. Na pale mpira unapoingia kwenye detanderi, kile kichwa kinachokaa juu ya mtungi, pamefungwa kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli na waya. Nikamuuliza Nuru nani kafunga. Akasema ni Fabrisi, yule muuza mitungi anayeileta kutoka Kobero. Alikuwa amekuja jana yake kubadilisha mtungi, wakamwambia kuna harufu, akawajibu kwamba hiyo ni harufu ya gesi mpya, itaisha yenyewe. Zamani ilikuwa inavuja kidogo kidogo na dirisha wazi. Jana ameifungua na kuifunga upya kwa ustadi wake, na leo mvua imefunga madirisha.

Nilifunga mtungi. Lakini kufunga mtungi hakuondoi gesi iliyokwisha mwagika, na ile iliyomwagika ilikuwa imelala sakafuni chumbani na sebuleni, ikisubiri cheche. Wakati huohuo nikamsikia Bi Zaina akisema ubani umekwisha moto, bamwana wangu ametoka mbali, nitatia mpya mimi mwenyewe. Nikachungulia kwenye mlango wa uani. Alikuwa anatoka jikoni, amekinga kichwa kwa kanga, ameshika chetezo kilichojaa makaa mekundu, anakuja kuniheshimu.

Nikajaribu adabu. Nikamwambia, bamwana, usijisumbue, kiache tu huko nje. Alicheka kwa upole na kuongeza mwendo. Ndivyo inavyopaswa! Mgeni akikataa, unamlazimisha. Ndivyo tulivyofundishwa wote wawili, na kila nilivyozidi kukataa ndivyo alivyozidi kuja. Nikasema tena, tafadhali, bamwana, ubani umetosha. Akasema, hautoshi kwa mtu kama wewe. Alikuwa amebakiza hatua chache kufika kizingitini, na nyuma yangu mtoto alianza kulia. Nikaelewa kwamba hakuna neno zuri litakalomsimamisha mwanamke huyu. Neno zuri ndilo lililokuwa linamleta.

"Bamwana, simama hapo hapo," nikasema. "Nyumba yako inanuka."

Bi Zaina alisimama katikati ya uwanja, mvua inampiga.

"Inanukia?" akauliza.

"Inanuka. Inavunda. Tangu mlangoni mpaka kitandani kwa mwanangu."

Hakusogea. Sidhani kama kuna mtu aliyewahi kumwambia hivyo maishani mwake, tena mbele ya majirani, tena mkwe. Alibaki ameshika chetezo chake, na mvua ikawa inadondokea makaa, moja moja, yanalia na kuwa meusi. Yalipozimika yote nikarudi chumbani.

Baada ya hapo ilikuwa kazi tu. Mtoto na mama yake niliwatoa wa kwanza, wakakaa chini ya paa la jirani wamefunikwa kitenge nilicholeta. Wageni niliwafukuza bila kuwaomba radhi, nikawakataza kugusa taa. Nikafungua milango na madirisha, mvua ikaingia ikalowanisha zulia la watu, nikaubeba mtungi mpaka mwisho wa uwanja. Kwa povu la sabuni ya kufulia nikapaka pale kwenye kazi ya Fabrisi, nikaufungua kidogo. Povu lilichemka kama uji. Nikafunga tena, nikamwita Bi Zaina aje aone. Hakuja.

Waliokuja ni majirani. Sasa, chini ya mvua, pua zilifufuka zote kwa pamoja. Mmoja alisema alisikia tangu juzi. Mwingine, yule wa mashallah, alisema kila akiinama kuvua viatu anasikia kama vitunguu vibovu, akadhani ni sambusa zimechacha.

"Mi nilisikia, lakini ningesemaje?" akaniambia. "Iko nyumba ya mzazi."

Wallahi, kama mtoto angekufa, mama yule angekuja na chungu cha uji kutupa pole, na angesema marehemu alikuwa ananukia.

Fabrisi nilimpigia simu nikiwa bado nimelowa. Alinieleza, kwa sauti ya mwalimu, kwamba mpira wa baiskeli ni mpira na mpira wa gesi ni mpira. Nilimwambia arudi kwenye baiskeli. Kabla ya kuondoka nilinunua mpira wa haki na kibano chake, nikafunga mwenyewe, nikauweka mtungi nje kwenye kibanda cha matofali chenye mlango wa wavu na kufuli. Hakuna mwizi aliyeugusa mpaka leo. Kichwa cha Nuru kilipona baada ya siku chache, na ile damu iliyopungua ikarudi yenyewe bila supu.

Lakini Bi Zaina hakunisamehe. Siku ile sikupewa hata maji, na sikudai. Aliniaga kupitia kwa Nuru: mwambie mama yako safari njema, naye amesimama mbele yangu. Mtoto alipotimiza arobaini hawakunialika. Nilikaa hapa Musinzira nikijua kwamba siku hiyo wanamnyoa mjukuu wangu na mimi sipo, na iliniuma. Mnanijua mkavu, mnadhani sina moyo. Nililia jikoni, na hakukuwa na kitunguu. Nuru alijaribu kumwelewesha mkwewe. Alijibiwa kwamba gesi ameielewa vizuri sana, anashukuru, asichoelewa ni namna mtu alivyosema. Alikuwa na haki yake. Kuna namna mia za kumwambia mtu kuna gesi. Mimi nilikuwa na pumzi ya sentensi moja, na katika zote niliichagua ile inayosimamisha miguu. Ningeisema tena leo.

Tukakaa hivyo. Mtoto akaanza kutambaa, akaanza kutembea. Nuru alikuwa ananiletea mjukuu wangu Gitega, na salamu kutoka Muyinga hazikuwemo kwenye mzigo. Bi Asteria, ambaye sasa amezeeka Giheta na bado hamsifu mtu, nilimsimulia nikitegemea atanifariji. Aliniuliza kwa nini sikusema nilipokuwa bado mlangoni. Nikamwambia pale mlangoni kulikuwa na ubani tu. Akasema ndiyo maana yeye akiingia kwa mtu hudondosha funguo, apate sababu ya kuinama. Alikuwa hajaniambia hilo siku zote za kazi. Nuru nilimwambia alipokuja, na sasa nawaambia nyinyi, kabla sijasahau: dondosheni funguo.

Halafu juzi, nikiwa na sinia la maharage mapajani, simu ikalia. Jina lilikuwa la Bi Zaina. Nilidhani kuna msiba, nikapokea. Alitoa salamu kwa haraka, hakuuliza habari za nyumbani, akaenda moja kwa moja.

"Bamwana, iko nyumba hapa kwa jirani. Wako na harusi, wageni wamejaa, wamewasha na ubani. Mi nimedondosha leso, nimeinama. Inanuka."

Nikamuuliza swali ambalo Bi Asteria alinifundisha siku ya kwanza.

"Na baada ya kusikia, umefanya nini?"

"Nimemwaga maji kwenye chetezo chake. Nimewaambia wote inanuka, watoke. Wametoka. Mtungi nimeufunga, wako salama. Lakini mwenye nyumba ameniambia nisikanyage kwake tena."

Maharage yalinimwagikia miguuni, nikayaacha.

"Karibu kazini, bamwana," nikamwambia.